Namna ya Kutazama Filamu ya Katuni Ukiwa Mtu Mzima

Katika nyumba nyingi filamu ya katuni huwekwa ili watoto watulie, na mama au baba apate saa moja na nusu ya kumaliza kazi zake. Kwangu pia ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Nilikuwa nikipita sebuleni na beseni la nguo, nikiona rangi zinakimbizana kwenye televisheni, nikisikia watoto wanacheka, kisha naendelea zangu na safari ya uani. Jioni moja, katika kupita kwangu, nikamwona kwenye skrini mwanamke wa kuchorwa amekaa katika chumba cha daktari, amefunika uso kwa viganja, mumewe yuko karibu naye, na hakuna aliyesema neno. Watoto waliendelea kula bisi. Mimi nililitua beseni sakafuni, nikabaki nimesimama pale mlangoni hadi filamu ilipokwisha.

Filamu hiyo ni Up, iliyotolewa na studio ya Pixar ya Marekani mwaka 2009 na kuongozwa na Pete Docter. Ndiyo iliyofungua Tamasha la Filamu la Cannes nchini Ufaransa mwaka huo, heshima ambayo filamu ya katuni haikuwahi kupewa kabla yake. Nitaitumia kama mfano mkuu kwa sababu nimeitazama mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na kwa sababu karibu kila ninachotaka kumwonyesha msomaji kimo ndani yake. Nitaeleza waziwazi baadhi ya matukio yake na ya filamu nyingine chache, kwa hiyo anayependa kuzitazama bila kujua kitakachotokea na azitazame kwanza.

Ninachoamini ni hiki: filamu ya katuni ya familia iliyotengenezwa vizuri haimwekei mtu mzima hadithi yake ya pembeni. Inasimulia hadithi moja tu kwa wote waliokaa mbele yake, na kila mmoja anaipokea kwa kadiri ya miaka aliyoishi na mambo yaliyompata. Jambo hili si geni kwetu. Bibi alipoita "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!", watu wazima waliokuwa wakichambua mchele pembeni hawakuziba masikio. Kisa cha sungura anayemlaghai simba kiliwafurahisha watoto kwa ujanja wake, na shangazi aliyetoka kudhulumiwa sokoni siku hiyo alikisikia kisa hicho hicho kwa namna yake, bila bibi kubadili hata neno. Maelekezo yafuatayo yanahusu namna ya kurudi katika kikao cha aina hiyo, safari hii mbele ya skrini.

Kuchagua filamu

Wengi huamini kwamba filamu ya katuni inamfaa mtu mzima ikiwa imetiwa mizaha ya wakubwa, kama vile tusi lililofichwa, dokezo la mambo ya chumbani, au utani kuhusu mtu maarufu. Nashauri kipimo hicho kiachwe. Mtoto hauelewi mzaha huo, mzazi anacheka peke yake, na kwa dakika ile wameacha kutazama filamu moja. Tena mizaha hiyo huchuja upesi, kwani mtu aliyekuwa maarufu mwaka filamu ilipotoka anaweza asikumbukwe na yeyote miaka kumi baadaye.

Badala yake, itazame filamu peke yako kwa dakika kumi za mwanzo kabla ya kuwaita watoto, huku ukijiuliza maswali machache. Je, filamu hii inathubutu kunyamaza, au kila sekunde imejazwa makelele na mbio, kana kwamba walioitengeneza walihofia mtoto angeondoka? Je, yumo humo mtu mzima mwenye jambo zito la kupoteza, au watu wazima wote wamewekwa ili wachekwe? Je, adui ana sababu ya uadui wake? Si lazima filamu ifaulu katika yote matatu. Katika My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, iliyotoka Japani mwaka 1988, hakuna adui kabisa. Kuna wasichana wawili waliohamia kijijini pamoja na baba yao, na mama aliyelazwa hospitali. Mtoto huitazama filamu hiyo akimngoja Totoro, yule mnyama mkubwa wa msituni mwenye manyoya. Mzazi hungoja habari za mgonjwa, na telegramu kutoka hospitali inapofika nyumbani pumzi humkata hata kabla haijasomwa. Humo humo mna tukio la watoto wanaongoja basi usiku kwenye mvua, mdogo akiwa amelala mgongoni kwa dada yake, na kwa muda mrefu hakuna kinachotendeka isipokuwa matone kugonga mwavuli. Waliothubutu kumwekea mtoto wa miaka mitano tukio kama hilo, wakaamini kwamba atalitazama, wanamheshimu mtoto, na mara nyingi watu wa namna hiyo humheshimu na mzazi wake.

Lugha na sauti

Tanzania na Uganda watu wengi wamezoea filamu zilizotiwa sauti ya msimulizi mmoja anayetafsiri na kueleza kila kitu, zile tulizozitazama katika vibanda umiza na ambazo siku hizi hubebwa kwenye flashi. Nauheshimu ufundi huo, maana umewafungulia filamu za nje watu wengi ambao vinginevyo wasingezielewa. Lakini kwa filamu ninazozizungumzia hapa, unaondoa kitu ambacho hakina badala. Nilipotaka kuitazama Up kwa mara ya pili, nakala niliyouziwa ilikuwa ya namna hiyo. Maisha ya ndoa ya Carl na Ellie, tangu harusi hadi uzeeni, yameonyeshwa kwa takriban dakika 4 ambazo waongozaji waliamua zisiwe na mazungumzo hata kidogo. Msimulizi alizijaza maelezo mwanzo hadi mwisho: sasa wameoana, sasa wanapaka nyumba rangi, sasa mama anaumwa. Hakukosea hata tukio moja. Hata hivyo watoto walikuwa wakimsikiliza yeye, na picha ikawa kama kielelezo tu cha maneno yake.

Tafuta nakala yenye sauti za asili, au iliyotafsiriwa na waigizaji kadhaa, kila mhusika akiwa na sauti yake na muziki ukiwa umeachwa ulivyo. Kama watoto hawaijui lugha ya filamu, kaa nao uwatafsirie wewe mwenyewe, kwa sauti ya chini, mahali wahusika wanapozungumza tu. Wahusika wakinyamaza, nawe nyamaza. Kuna filamu moja ambayo sisi wenye Kiswahili tumeipata kwa namna ambayo mtazamaji wa Chicago hawezi kuipata, nayo ni The Lion King ya mwaka 1994. Simba, Rafiki, Pumbaa na yule fisi aitwaye Shenzi ni maneno yetu, na mtoto wa Mombasa au Morogoro huanza kumjua mhusika kwa kulisikia jina lake, kabla mhusika huyo hajatenda lolote. Hapo huhitaji kutafsiri, na ni vizuri kuuacha utamu huo ujitokeze wenyewe.

Kuhusu maandalizi ya sebule sina mengi ya kusema. Simu iwe chumba kingine. Kazi ya jikoni iwe imekwisha au iahirishwe, kwa sababu ambayo nitaieleza hivi punde. Keti mkekani pamoja na watoto, si kwenye kiti nyuma yao, maana aliyekaa nyuma huwa mlinzi, na aliyekaa pamoja nao huwa mtazamaji. Ongeza sauti kidogo kuliko kawaida yako, kwa kuwa spika za televisheni nyingi humeza muziki wa chini.

Fuata kitu kimoja

Hii ndiyo njia ambayo imenisaidia kuliko zote. Chagua kitu kimoja kidogo kinachoonekana mapema katika filamu, halafu kifuate hadi mwisho.

Chukua chupa ya akiba. Tangu utotoni Carl na Ellie waliahidiana kwamba siku moja watakwenda Paradise Falls, maporomoko ya maji yaliyoko Amerika Kusini. Wakiwa mume na mke wanatenga chupa kubwa ya kioo ya kuweka sarafu za safari hiyo. Sisi tungeiita kibubu. Kisha tairi la gari linapasuka, na kibubu kinavunjwa. Carl anavunjika mguu, na kibubu kinavunjwa. Mti unaangukia nyumba yao, na kibubu kinavunjwa tena. Kila tukio linachukua sekunde chache, hakuna anayelaumiwa, wala muziki hauombi huruma ya mtu. Mtoto anaona kioo kikipasuka na anaufurahia mlio. Mtu mzima aliyewahi kuvunja kibubu cha kiwanja ili alipe ada, kisha mwaka uliofuata akakivunja tena kwa ajili ya msiba, anajua kwamba safari imeshakufa pale na hakuna aliyeiua. Mara baada ya hapo Ellie anamfunga Carl tai, tai moja baada ya nyingine, asubuhi moja baada ya nyingine, na tai ya mwisho inapokazwa wote wawili wana mvi. Sijui njia nyepesi zaidi ya kuonyesha miaka arobaini ya watu waliopendana.

Au fuata kizibo cha soda ya zabibu. Ellie akiwa msichana mdogo anambandika Carl kizibo hicho kifuani, kiwe beji ya kumkaribisha katika klabu yao ya watu wawili. Carl anakuwa mzee wa miaka 78, mgane anayetembea kwa mkongojo, na kizibo bado kiko kwenye nguo yake. Mwishoni mwa filamu anakitoa na kumbandika Russell, mtoto skauti wa miaka 8, katika hafla ambayo baba wa mtoto huyo hakufika. Filamu haikueleza kirefu maana ya kizibo, kwa kuwa ulikiona kikibandikwa mara ya kwanza zaidi ya saa moja iliyopita. Kama wakati ule ulikuwa jikoni ukikoroga mchuzi, sasa unamwona mzee akimpa mtoto kipande cha bati. Ndiyo maana nimesema kazi ya jikoni iahirishwe.

Kisha kuna makochi mawili, la Carl na la Ellie, yaliyokaa kando kwa kando sebuleni tangu walipohamia. Ellie anapofariki, Carl analigusa kochi lake kwa namna mtu anavyogusa kitu cha mgeni anayetarajiwa kurudi. Anafunga maelfu ya maputo juu ya nyumba, nyumba inang'oka na kupaa, na safari nzima Carl anapigania kila kilichomo ndani, hata pale inapomgharimu marafiki aliowapata njiani. Halafu anafungua kitabu cha Ellie, kile ambacho aliamini kurasa zake za mwisho zilibaki tupu kwa sababu safari haikufanyika, na kumbe Ellie alikuwa amezijaza picha za ndoa yao, pamoja na maneno ya kumshukuru na kumtuma akatafute safari nyingine. Wakati huo nyumba imetua na haiwezi kupaa tena, na Russell yuko hatarini. Carl anaanza kutupa vitu nje. Anatoa meza, anatoa jokofu, anatoa kila alichokipigania. Makochi mawili yanabaki juu ya mwamba, yamepangwa kando kwa kando, na nyumba inanyanyuka.

Watoto wangu wamenieleza tukio hilo mara nyingi, na maelezo yao ni ya uzito: nyumba ilikuwa nzito, vitu vikatolewa, maputo yakaweza kuibeba. Hawajakosea hata kidogo, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Mimi nilimzika mama yangu, na baada ya arubaini tulikaa na dada zangu kugawa khanga zake, sanduku likawa jepesi na kila mmoja akaondoka na furushi. Nikilitazama tukio la makochi naona suala hilo hilo la uzito ambalo watoto wanaliona. Filamu haikunipa maana ya siri iliyofichwa nyuma ya maana yao. Ilinipa maana yao yenyewe, nami nilikuwa na mahali pa kuiweka.

Umbo, rangi na wimbo

Filamu huonyeshwa kwa fremu 24 kila sekunde. Up ina dakika 96, yaani fremu zaidi ya 138,000, na katika hizo zote hakuna kilichoingia kwa bahati. Filamu inayopigwa kwa kamera inaweza kuokota pazia linalopeperuka au ndege anayepita nyuma ya mwigizaji. Katika katuni hakuna upepo usioamriwa. Kivuli, mkwaruzo wa meza, vumbi juu ya fremu ya picha, vyote vipo kwa sababu mtu alikaa akaamua viwepo, kwa hiyo unapokiona kitu una haki ya kuuliza kwa nini kiko hapo.

Anza na maumbo, kwa kuwa hayo hata mtoto anaweza kuyatafuta pamoja nawe. Carl ni mraba: kichwa chake ni mraba, miwani yake ni mraba, kochi lake ni mraba. Ellie ni duara, na kochi lake limepinda. Russell ni mviringo kama yai, au kama puto, na anapobisha hodi kwenye mlango wa mzee huyo wa mraba, macho yako yameshapewa habari ambayo mdomo wa mhusika haujaitamka. Angalia rangi pia. Ellie anapoondoka, rangi zinafifia hadi nyumba inafanana na picha ya zamani. Maputo yanapofumuka kutoka paani zinarudi zote kwa pamoja, na nyumba inapopita mbele ya dirisha la ghorofani, mwanga wa rangi za maputo unapita ukutani katika chumba cha mtoto wa kike anayecheza. Tukio hilo la mtoto halina kazi katika kisa, na mimi nalipenda kuliko mengi yenye kazi.

Kuhusu muziki, fanya zoezi hili ukiwa peke yako: zisikilize zile dakika 4 za ndoa macho yamefumbwa. Michael Giacchino, aliyepata tuzo ya Oscar kwa muziki huo, alitumia wimbo mmoja mfupi wa mapigo matatu, wa kuchezeka kabisa. Mwanzoni unapigwa kwa furaha na vyombo vingi. Kadiri miaka inavyopita vyombo vinapungua na mwendo unapoa, na mwishoni inabaki piano peke yake ikizipiga noti zile zile polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Wimbo huo unarudi Carl anapofungua kitabu. Ukiwa umeusikiliza hivyo mara moja, hutauliza tena kwa nini macho yako yalilowa kabla hujajua kinachoonyeshwa.

Muulize adui sababu

Filamu ambayo ningependa kila mzazi wa Afrika Mashariki aitazame kwa jicho hili ni Kirikou et la sorcière ya mwaka 1998, kazi ya Michel Ocelot, Mfaransa aliyeishi sehemu ya utoto wake mjini Conakry, Guinea, na muziki wake ni wa Youssou N'Dour wa Senegal. Kirikou ni mtoto anayezungumza angali tumboni kwa mama yake, anajizaa mwenyewe, na kuanzia siku hiyo anauliza swali moja tu ambalo wakubwa wa kijiji wamekwisha kuacha kuuliza: kwa nini mchawi Karaba ni mbaya? Wakubwa wanamwambia kwamba wachawi ndivyo walivyo. Yeye haridhiki, anasafiri chini ya ardhi hadi kwa babu yake, na babu anamjibu. Karaba ana mwiba wenye sumu uliochomekwa katika uti wa mgongo. Wanaume walimshika wakamchoma mwiba huo, unamuuma usiku na mchana, naye hataki uchomolewe kwa sababu kuuchomoa kutauma tena vile vile.

Mtoto anaelewa mwiba. Kila mtoto wa kwetu amewahi kutolewa mwiba unyayoni, analia, anamkatalia mama mguu, ingawa anajua kwamba ukibaki utatunga usaha. Mtu mzima, na hasa mwanamke, anasikia maneno "wanaume walimshika" na anajua kilichosemwa. Ocelot hakukificha wala hakukitangaza. Kirikou anapouchomoa mwiba kwa meno, Karaba anapiga ukelele, na majani na maua yanaota kumzunguka. Filamu hiyo unaweza kuitazama na binti wa miaka saba ukiwa umetulia, na miaka kumi baadaye ukaitazama naye tena kwa mazungumzo tofauti kabisa, bila kuona haya kwamba mara ya kwanza ulimdanganya.

Kwa hiyo unapotazama filamu yoyote ya katuni, subiri uone kama swali la Kirikou linaulizwa. Ikiwa adui ni mbaya kwa sababu tu ana pua ndefu na sauti ya kukwaruza, watoto watafurahia aanguke, na wewe utakuwa na haki ya kurudi kwenye beseni lako.

Usiruke kifo

Wapo wazazi ambao tukio la kifo likikaribia hushika rimoti na kulirusha. Naelewa kinachowasukuma, lakini nashauri wasifanye hivyo, maadamu filamu imelitengeneza kwa uangalifu na mtoto si mdogo mno. Katika The Lion King mtoto wa simba anamkuta baba yake amelala korongoni baada ya kundi la nyumbu kupita. Anamsukuma, anamvuta sikio, anaita msaada, hapati. Kisha anajiingiza chini ya mkono wa baba na kulala hapo. Mtoto anayetazama hahitaji kuelezwa lolote. Kama atakusogelea, msogeze kwako na uendelee kutazama. Akiuliza kama baba yake Simba atarudi, mjibu kwa ukweli na kwa ufupi, kwa sababu jibu la uongo litakanushwa na filamu yenyewe baada ya dakika tano.

Coco ya mwaka 2017, inayohusu Siku ya Wafu ya Meksiko, inatufaa kwa sababu nyingine. Ndani yake wafu wanaishi katika mji wao maadamu kuna aliye hai anayewakumbuka, na wa mwisho anayemjua mtu akifa au akisahau, mfu huyo hufifia na kutoweka. Wengi walilipokea wazo hilo kama jambo geni la kupendeza. Lakini mwanazuoni Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza jambo linalokaribiana sana nalo, tena kwa maneno mawili ya Kiswahili: marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo hai mtu aliyemjua na kumkumbuka kwa jina, na baada ya hapo huzama katika Zamani. Mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo majina ya mababu hutajwa, au watoto hupewa majina ya marehemu ili majina yasipotee, hana haja ya kuambiwa kwa nini Héctor, mmoja wa wafu hao, anahangaika hivyo ili binti yake, bibi kizee Coco, asimsahau. Sikiliza pia wimbo mkuu wa filamu hiyo, ambao kwanza unaimbwa jukwaani kwa mbwembwe na mwimbaji maarufu, kisha unasikika ukiwa kile ulichokuwa tangu awali, wimbo wa baba kumwimbia mwanawe kabla ya safari. Baada ya kuitazama, toa albamu ya picha. Wataje waliomo kwa majina, nao watoto wataanza kuuliza huyu ni nani na yule ni nani.

Baada ya filamu

Uliza kabla ya kueleza. Waulize watoto ni kitu gani walikiona ambacho wewe huenda hukukiona, na ukubali majibu madogo, kama rangi ya ndege au namna mbwa alivyokaa, maana mara nyingi mtoto ameona kitu ambacho mchoraji alitumia wiki nzima kukitengeneza. Mtoto akikuuliza kwa nini ulilia, mwambie. Mimi nilimjibu binti yangu kwamba nilimkumbuka bibi yake, akanisogezea bakuli la bisi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Usiitazame filamu nzuri mara moja tu. Ihifadhi, uirudie baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa wewe utakuwa umebadilika ingawa yenyewe haijabadilika. Katika Toy Story 3 ya mwaka 2010 mama anaingia katika chumba cha mwanawe anayekwenda chuoni, anakikuta kimebaki kitupu, na sauti inamwishia. Nilipoitazama mara ya kwanza tukio hilo lilinipita kabisa, kwa sababu nilikuwa nikifuatilia vile vitu vya kuchezea. Mwaka ambao mwanangu wa kwanza alipelekwa shule ya bweni nililiona.

Jambo la mwisho ni dogo. Majina ya watengenezaji yanapoanza kupita, usiizime. Katika Up picha za Carl na Russell zinaendelea kuonekana humo, zimepangwa kama kwenye albamu, zikionyesha maisha yao baada ya kurudi nyumbani. Kwa muda mrefu sikujua kwamba zipo, kwani nilikuwa nikinyanyuka kukusanya vyombo. Aliyenishika gauni nikae alikuwa mtoto wangu wa mwisho, wa miaka 6, ambaye zile picha alikuwa ameshazihesabu.